Gari Lisilokunywa Maji

Habari za kifo cha Sista Ulrike niliambiwa kwa simu na mwanamke ambaye sauti yake sikuifahamu. "Mama, unaongea na Naserian wa Koileken," alisema. "Ile mtoto ya gari." Nilikuwa jikoni nachagua maharagwe, na ungo ukanitoka mkononi. Mara ya mwisho kumwona huyo Naserian alikuwa hajaota jino, amelala mgongoni kwa mama yake ndani ya shuka, na sasa alikuwa ananipa taarifa za msiba kama mtu mzima mwenzangu. Alisema Sista amefia Kajiado, kitandani mwake, bila kelele. Alisema Sista ameacha neno azikwe bomani kwao na si kwenye makaburi ya kanisa, na kwamba kuna wageni wanaotoka Ujerumani kuja kumzika. Halafu akasema, "Baba anasema wewe ndio utatafsiri." Nikamuuliza baba gani. "Baba yangu. Mzee Koileken." Mungu anisamehe, huyo mzee nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu miaka mingi iliyopita. Sikuulizwa kama nina nafasi. Mzee Koileken haombi, anakujulisha, na nilifurahi kusikia kwamba uzee haujamfundisha adabu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka wa kiangazi kilichomaliza mifugo. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne na matokeo yasiyofaa kujisifia wala kufichwa, nikapata kazi katika zahanati ndogo ya kanisa nje ya mji wa Kajiado. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kupanga foleni, na kuwa mdomo wa Sista Ulrike. Yeye alikuwa muuguzi Mjerumani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Kiswahili chake kilikuwa cha dawa tu: kohoa, meza, rudi Jumatatu. Mgonjwa akianza kueleza jinsi mkwe wake alivyomtia kidonda cha tumbo, Sista alikuwa ananigeukia na kuniuliza kwa Kiingereza, nami nampa kilicho cha hospitali na kubaki na umbea. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta ule haukuzuia kitu, hasa harufu ya kabichi aliyokuwa akiichachusha ndani ya ndoo chini ya dirisha. Nilimwambia kwetu Ukambani kabichi ikifika hapo inapewa nguruwe. Alicheka hadi akafuta macho. Siku iliyofuata nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akala sahani mbili, akasema hicho ni chakula cha mtu asiye na haraka. Tulikula hivyo mwaka mzima, siku moja kwake na siku moja kwangu, mezani penye kitambaa cha maua alichokipiga pasi hata kama hakuna mgeni, na katika mwaka huo wote hakuwahi kunisimulia lolote kuhusu mama yake. Mimi nilidhani ni baridi ya Kizungu.

Kitu kimoja tu kilinichanganya, nacho nilikisikia Kitengela. Tulikuwa tukienda Nairobi kuchukua dawa tunasimama kwenye hoteli ya Mama Wangari, karibu na barabara, tunakunywa chai na mandazi huku pikapu yetu ya Kijapani ikipoa. Hoteli ile ilikuwa bunge la magari. Madereva, madalali wa mashamba, wanaume wasio na gari wala shamba, wote walijua gari lipi ni la maana, na kura ilikuwa moja daima. "Mjerumani akitengeneza kitu, ametengeneza," walisema. "Hii ingine ni makopo." Walilisifu hasa lile gari dogo la mgongo wa mviringo, lenye injini nyuma, ambalo kila mtu alikuwa na mjomba aliyelipitisha kwenye tope lililowashinda matrekta. Siku moja Sista alikuwa nje ananunua nyanya, na Mama Wangari akaniinamia. "Ni ukweli huyu wako alikataa gari?" Nikauliza gari gani. Akanieleza, na meza nzima ikisikiliza, kwamba kanisa la huko kwao lilitaka kumletea gari la kiwanda cha hayo madogo, zuri kabisa, bure, na yeye akajibu kwamba afadhali atembee kwa miguu. Ndio maana akapewa hiki kikohozi cha Mjapani. "Mjerumani kukataa gari ya kwao," Mama Wangari alisema, "ni kama Mkikuyu akatae pesa." Na alijua anachosema, maana yeye mwenyewe ni Mkikuyu. Nilishtuka, na nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyeambiwa mambo ya nyumbani kwake na jirani. Njiani nilimuuliza Sista. Akasema hapendi sauti ya ile injini, akabadilisha gia.

Kiangazi kilizidi. Mizoga ilikuwa kando ya barabara toka Isinya mpaka Kajiado, na harufu yake ukaizoea ukashangaa kwa nini umeizoea. Mzee Koileken, ambaye boma lake lilikuwa mbali kidogo na zahanati, alikuwa mtu wa kundi kubwa, na kundi lile liliisha mbele ya macho yake hadi akabaki na mtamba mmoja mwekundu na mbuzi wachache. Alikuwa pia na kipande cha ardhi kule Kitengela, karibu na lami, ambacho wafanyabiashara walikuwa wakikimezea mate. Basi tukasikia amekibadilisha na gari. Hoteli ya Mama Wangari ilicheka wiki nzima. Mkulima mmoja aitwaye Njoroge alichukua ardhi na Mzee akachukua lile gari dogo la Kijerumani, la rangi ya maziwa yaliyochacha, kuukuu lakini zima. Kila mtu alisema mzee ameibiwa mchana kweupe, na mimi nilisema hivyo pia, kwa sauti.

Sababu yake niliisikia kwa kinywa chake alipomleta mke wake mdogo, Nashipae, kujifungua kwetu. Walikuja na gari hilo. Tukiwa tunangoja nje, nilimuuliza, kwa kiherehere cha umri ule, alikipendea nini chuma kile. Mzee hakukasirika. "Njoroge aliniambia hii haina rejeta," alisema. "Haitaki maji. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikazunguka hiyo gari nikitafuta mahali ya kumwaga maji, nikakosa. Inapoa na upepo tu." Aliniangalia kuona kama nimeelewa. "Msichana wa Mkamba, ng'ombe zangu zilikufa sababu ya maji. Sasa niambie, nani amemwona ng'ombe hanywi maji?" Sikucheka tena. Ndani, Nashipae alikuwa anajifungua mtoto wake wa tatu, na wawili wa kwanza walikuwa wamekufa kabla ya kutambaa. Alikuwa ameniambia asubuhi ile, akinishika mkono, kwamba huyu naye akienda, hatazaa tena. Hakulia aliposema. Mtoto alitoka msichana, akanyamaza kidogo, kisha akalia, na Sista Ulrike akamshika muda mrefu kuliko kawaida, mpaka Nashipae akanyoosha mikono kumdai.

Kitovu cha mtoto kilipokauka na kuanguka, Mzee alirudi, peke yake, amevaa shuka safi. Katika boma lake mtoto akianguka kitovu hupewa ng'ombe wake, na uzao wote wa ng'ombe huyo ni mali ya mtoto hadi atakapozeeka. Ng'ombe huyo akifa mapema, watu huanza kumtazama mtoto. Wale wawili waliokufa walikuwa wamepewa ng'ombe, na ng'ombe walitangulia. "Huyu nitampa gari," Mzee alisema. Nikadhani sikusikia vizuri. "Wazee wamekataa, wanasema gari haizai. Mimi nimewaambia, haizai, lakini pia haifi. Mimi sitafuti ndama. Mimi natafuta mtoto abaki." Alitaka Sista aje alibariki, kwa sababu ng'ombe hubarikiwa vizuri zaidi akiwepo mtu wa boma alikotoka, na gari lile lilitoka kwa Wajerumani. Nilitafsiri. Sista aliweka chini mkasi uliokuwa mkononi. Akaniambia nimwambie Mzee hapana, na asante. Mzee akakaa tu, kama hakusikia. Sista alikuja kubadili nia baada ya siku chache, Nashipae mwenyewe alipokuja kwa miguu na mtoto mgongoni. "Yeyo," alimwambia Sista, na neno hilo ni mama, "mtoto ametoka kwa mkono yako. Ukikataa, watu watasema umeona kitu."

Tulikwenda. Nakumbuka zizi tupu la ng'ombe, samadi iliyokauka ikawa unga, na katikati yake lile gari limesimama peke yake mahali palipolala mamia. Wanawake walikuwa wameweka majani mabichi juu ya boneti, sijui waliyapata wapi katika ukame ule, na maziwa ya mbuzi yalikuwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Kulikuwa na chai yenye sukari nyingi, na nyama ya mbuzi mmoja ikigawiwa kwa vipande vidogo ili kila mtu apate. Mimi nilikula, nikaona aibu kula. Wazee walikaa upande mmoja na midomo imefungwa. Mzee Koileken alisimama karibu na gari akaanza kutaja ukoo wa gari hilo, kama anavyotajwa ng'ombe, mama yake nani na alitolewa kwa nani. "Huyu nilimtoa kwa Njoroge wa Kitengela," alisema. "Njoroge alimtoa kwa mwalimu wa Oltepesi. Mwalimu alimtoa kwa mzungu wa Magadi, na huko Magadi joto inaua hata nzi, na huyu hakufa. Mzungu alimtoa kwa meli. Nyuma ya meli sijui." Kisha akamgeukia Sista kwa heshima kubwa. "Mama wa kule yuko hapa. Amalize yeye. Boma ilikotoka ni ya nani, na ilikuwa boma ya namna gani?"

Watu wote walimtazama Sista Ulrike kwa macho mazuri. Walitarajia sifa. Mimi nilikuwa tayari na maneno ya sifa kwa Kiswahili kizuri, maana niliyasikia mara nyingi pale hotelini. Sista akaniambia kwa Kiingereza, polepole, "Mutheu, nitasema ukweli, kwa sababu ni baraka na ni ya mtoto. Usipunguze." Nikatikisa kichwa. Sikujua ninakubali nini.

Alisema gari lile la Mzee si la wakati wa Vita Vikuu vya Pili, lilitengenezwa baadaye, na waliolitengeneza walikuwa vibarua wanaolipwa mshahara. Lakini boma ni lilelile. Kiwanda kilijengwa na yule mtawala aliyeleta vita, akiwaahidi watu wa kawaida gari la bei ya chini. Kabla hawajalipata, vita vikaja, na kiwanda kikageuka kutengeneza vitu vya vita. Wanaume walikuwa wamekwenda kupigana, basi wakaletwa watu kwa treni kutoka nchi za mashariki, kwa nguvu, wanaume na wanawake na wasichana wa umri wangu. Hapo aliacha Kiingereza akatafuta neno mwenyewe, akalipata. "Watumwa," alisema. Nililisikia likipita kwa wazee, kutoka kichwa hadi kichwa. Mimi nilikuwa nimetoka darasani na somo la historia, na nilidhani neno lile ni letu, watu weusi, wa pwani na wa minyororo. Sikuwahi kufikiri kwamba Mzungu angeweza kulisema kuhusu Wazungu, kuhusu kile kiwanda ambacho hotelini tulikiapia.

Baadhi ya wanawake wale walizaa, aliendelea, na mimi nikaendelea nyuma yake, sentensi kwa sentensi. Wakizaa, baada ya siku chache walinyang'anywa mtoto wakarudishwa kazini. Watoto waliwekwa katika nyumba moja kijijini. Nyumba ile ilikuwa na uchafu, nzi, na maziwa yasiyotosha, na karibu wote walikufa. Hawakuuawa kwa silaha. Waliachwa tu. Nilipofika hapo nilitazama upande wa Nashipae bila kukusudia. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, mtoto kifuani. Nilitamani kusema kitu kingine chochote, hata kwamba walihamishwa. Sista alikuwa ananitazama mdomo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini maneno ya kifo aliyajua yote, kwa kazi yake. Nikasema walikufa. Nashipae akasogea mbali na gari, hatua kwa hatua, akimfunika mtoto kichwa kwa kiganja kama mtu anayemkinga jua.

Mzee mmoja wa waliokataa tangu mwanzo akasema kwa Kimasai kitu kilichofanya wengine waitikie. Uso wa Mzee Koileken ulikuwa umekauka. Ardhi ilikuwa imekwenda, ng'ombe walikuwa wamekwenda, na sasa kile alichokinunua ili mtoto abaki kilikuwa kimetajiwa ukoo wa watoto waliokufa, mbele ya watu, siku ya baraka. Nilimchukia Sista wakati ule. Nilifikiri, huyu mwanamke hana huruma, angenyamaza ingemgharimu nini? Mzee akaniambia, kwa sauti ndogo, "Muulize. Yeye amejuaje haya mambo? Alikuwa wapi?"

Niliuliza. Sista Ulrike akajibu moja kwa moja kwa Kiswahili chake cha zahanati, na hakuniangalia tena. "Mimi mtoto ya nyumba ile," alisema. "Wote walikufa. Mimi hapana."

Mimi niliyelala ukuta mmoja naye, niliyemtania kuhusu kabichi, niliyasikia haya siku moja na watu wa boma. Halafu, kwa Kiingereza, alimalizia kilichobaki: kwamba mama mmoja mkulima alifika pale kupeleka viazi akamwona, akamfunga ndani ya aproni yake akaondoka naye, akamlea kama wake na kumpa jina Ulrike. Ukweli mama huyo alimwambia Sista akiwa tayari amesomea uuguzi. Mama wa kumzaa hakupatikana. Mzee akauliza, "Na jina mama yako mwenyewe alikupa? Ya kwanza?" Sista akasema hajui. Kisha Mzee akauliza swali ambalo lisingemjia mtu mwingine yeyote duniani. "Kitovu chako kilipoanguka, ulipewa nini?"

Nilimtafsiria. Sista alifungua mikono yake mikubwa, mitupu, akaionyesha.

Mzee Koileken alitoka zizini. Tulisikia akiita, na akarudi akimvuta yule mtamba mwekundu, mbavu nje, wa mwisho, ambaye wazee walikuwa wamemsihi ampe mtoto badala ya chuma. Nilidhani ameshindwa, sasa anamtoa kwa Naserian. Wazee nao walidhani hivyo, nikaona wakilegea. Akampita Nashipae, akampita mtoto, akaweka kamba mkononi mwa Sista Ulrike. "Mwambie hii ni ya kitovu yake," alisema. "Imechelewa. Mwambie tangu leo ataniita Pakiteng, na mimi nitamwita hivyo, sababu tumepeana ng'ombe." Mzee wa Kimasai, baada ya kiangazi kile, akitoa ng'ombe wake wa mwisho kwa mzungu mwenye mshahara. Nilishtuka zaidi ya nilivyoshtuka kwa yote yaliyotangulia, na hadi leo sijamaliza kushtuka. Sista alishika kamba. Alilia kama mtoto, kwa sauti, bila kufunika uso, na wanawake wakamwacha alie. Nashipae ndiye aliyesogea. Alimweka Naserian kwenye mkono wa Sista uliokuwa hauna kamba. "Gari hapana," alisema, akimwelekezea Sista kidevu. "Huyu. Huyu ndio hakufa. Atemee mtoto mate." Na Sista akamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, kama alivyoelekezwa.

Mtamba alibaki bomani, maana zahanati haina malisho. Mvua ziliponyesha alizaa, na ndama wa kwanza Sista alimpa Naserian. Mimi niliondoka mwaka uliofuata kwenda chuo, maisha yakanichukua, nikawa mtu wa kutuma salamu, kisha wa kutotuma.

Mwezi uliopita nilirudi. Lami imefika karibu na boma, na Kitengela yenyewe sikuitambua, maghorofa matupu pale palipokuwa na ardhi ya Mzee. Gari lipo. Limeegeshwa palepale, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na Naserian aliniapia kwamba likipewa betri linawaka. Wageni kutoka Ujerumani walikuwa watatu, wazee wa kanisa, wapole, wamevaa nguo nyeusi kwenye jua lile. Mmoja alilipapasa gari kwa furaha akasema baba yake alikuwa nalo kama hilo, na mimi sikumtafsiria mtu yeyote. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya zizi, na zizi lilikuwa limejaa. Naserian, mwanamke mrefu mwenye watoto wake mwenyewe, alimleta ng'ombe mwekundu hadi ukingoni akataja ukoo wake, mama hadi mama, bila kukwama, mpaka akafika kwa mtamba wa kiangazi. "Na huyo alipewa Yeyo wetu," alisema. "Na Yeyo wetu alitoka kwa nani?"

Mzee Koileken alikuwa kwenye kiti cha plastiki, macho yamekwenda, mkono juu ya fimbo. "Mkamba," aliita. Nikamwambia nipo, baba. "Waambie hao wageni Pakiteng wangu alikuwa na jina kabla ya hiyo yao. Mama yake alimpa. Waambie waende waitafute huko kwa hiyo kiwanda, kwa karatasi zao, kwa mawe zao za makaburi. Sisi tutangoja, hatutaandika kitu hapa kwa kaburi mpaka walete."

Nikawatazama wale wazee watatu. Niliwaambia kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na sikupunguza.